Mama Kasoki na Wazee wa Gitaa la Umeme

Duka la Mama Kasoki lilikuwa Masisi Centre, mkono wa kushoto ukiteremka kutoka sokoni, mlango wa bluu. Ukiingia ulikuta chumvi, sabuni, misumari, betri za redio, na nyuma ya meza televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kusuka kama altare. Jumamosi mchana, soko likianza kupungua, aliondoa kile kitambaa, akawasha jenereta, akasema bila kuinua sauti:

"Wenye kutaka kuona wazee, mukae. Wenye kutaka chumvi, mupite huku."

Watu walikaa juu ya magunia na juu ya makreti matupu. Wazee waliotokea kwenye ile televisheni hawakuwa wa Kinshasa wala wa Ulaya. Walikuwa wa milima hii hii, wengine ulikuwa umewasalimia asubuhi, na kwenye filme walizungumza habari za gitaa la umeme kama watu wengine wanavyozungumza habari za mashamba yao.

Jina lake lilikuwa Virginie Kasoki, Mnande wa Butembo. Alifika Masisi na bwana yake Bienvenu, mwenye lori, na ni Bienvenu aliyemletea kamera ndogo ili apige filme za harusi. Mama Kasoki alikuwa mpole, wa maneno machache. Kwenye harusi alisimama pembeni kama nguzo ya nyumba, hakusema "muangalie huku", hakusema "mucheke". Baada ya muda watu walimsahau, na ndiyo sababu katika filme zake watu wanakula wanavyokula kweli na mabibi-arusi wanalia wanavyolia kweli.

Mambo ya wazee yalianzia harusini. Jenereta ilizimika, muziki ukakatika, wageni wakabaki wameshika viuno katikati ya ngoma. Hapo mzee mmoja mkulima wa maharagwe, Papa Benoît, akachukua vijiko viwili akaanza kupiga sufuria, kreti ya bia, na ukingo wa meza, vyote pamoja, kwa nguvu na kwa haraka, mpaka watu wote wenye miaka zaidi ya hamsini wakainuka kwenye viti vyao. Mama mmoja mwenye mvi akapiga kelele: "Ngurumo! Ngurumo ya Osso!"

Mama Kasoki hakujua ni kitu gani. Lakini kamera yake ilikuwa inaenda, na kesho yake alipanda mlima kwenda kuuliza.

Papa Benoît alimwambia. Mwaka wa sabini na nne, vijana wanne wa Masisi walianzisha orkestra, wakaipa jina la mto Osso. Benoît kwenye ngoma, Thacienne kwa sauti, Paul kwenye gitaa la besi, Byamungu kwenye solo. Hawakupiga rumba. Walipiga roki. Mzungu mmoja wa shamba la chai alikuwa na sahani za muziki wa gitaa kali, na mpishi wake alikuwa kaka ya Benoît. Vijana walisikilizia jikoni; sahani hazikutoka ile nyumba hata siku moja, lakini muziki ulitoka na masikio ya vijana wanne. Byamungu alikata karatasi ya spika kwa wembe ili gitaa lisiimbe vizuri, lingurume. Wamama walifunga madirisha. Padri alihubiri juu yao mara mbili. Watu walitembea siku tatu kutoka Itebero, ndani ya msitu, kuja kuwasikia.

"Byamungu alikuwa mutu gani?" Mama Kasoki aliuliza.

"Byamungu?" Mzee alicheka. "Alikuwa anachelewa! Ngoma inamuita, haingie. Inamuita tena, haingie. Nilikuwa namurushia fimbo ya ngoma kwa kichwa. Lakini akiingia, mwanangu, ata mbwa ilikuwa inasimama."

Mwaka wa themanini na mbili Byamungu alienda kuchimba dhahabu Omate, orkestra ikavunjika. Halafu vita vikaja, vikaenda, vikarudi. Mtoto aliyezaliwa ndani ya vita hivyo alijua kutofautisha bunduki moja na nyingine kwa sauti tu, na hakujua kwamba milima hii iliwahi kuwa na gitaa la umeme. Hilo ndilo lililomchoma Mama Kasoki. Aliamua kupiga filme nne, moja kwa kila mwanamuziki.

Ya kwanza ilikuwa ya Thacienne, na ilimfunza kitu kwa uchungu. Alimkalisha nje, penye mwangaza, mgongo kwa mlima, na nyuma yake ng'ombe wake sita wakila majani. Ilikuwa picha nzuri, ya kijani kitupu. Watu wa Masisi wanajua tangu utoto kwamba ng'ombe hawaonyeshwi hovyo wala hawahesabiwi mbele ya watu, lakini Mama Kasoki alikuwa mtoto wa maduka ya Butembo; yeye aliona uzuri tu. Jumamosi dukani mtu mmoja akahesabu kwa sauti: "Tano, sita! Kumbe Mama Thacienne iko tajiri!" Na mwingine: "Ile si mulima ya nyuma ya kapela?"

Wiki haikuisha. Watu wenye bunduki walipanda ule mlima wakateremka na ng'ombe sita.

Mama Kasoki alienda kwa Thacienne akapiga magoti mlangoni. Thacienne alimwinua.

"Mama, si weye uliiba," alisema. "Lakini ungeniuliza."

Neno hilo halikumtoka tena. Tangu siku ile alikuwa na desturi ambayo hakuna mpiga filme mwingine wa Masisi aliyekuwa nayo, na wenzake walimcheka kwa ajili yake. Akimaliza kupiga filme, aligeuza kioo kidogo cha kamera, akampa mtu vile vya kuweka masikioni, mtu akajiangalia toka mwanzo mpaka mwisho. Kisha aliuliza: "Nifute nini?" Na alichoambiwa kufuta alikifuta palepale, mbele ya macho ya mwenyewe, hata kama ni kitu kizuri kuliko vyote. "Mwenye sura njo mwenye filme," alikuwa anasema. "Miye niko mwenye kamera tu."

Papa Benoît, katika filme yake, alifutisha fasi moja tu, pale alipokohoa.

Lakini siku ile ile ya kumwonyesha, Mama Kasoki aliona jambo. Mzee alikandamiza ile plastiki kwenye sikio la kulia kwa vidole viwili, na bado alikunja uso. Sikio la kushoto lilikufa siku bomu lilipoangukia shamba lake la maharagwe. La kulia lilikuwa linalifuata polepole.

"Anasikia neno moja tu," mke wake Vestine alisema. "Chakula. Ile anaisikia ata akiwa upande ingine ya mulima."

"Unasema nini?" Benoît aliuliza.

"Nasema uko muzuri!" Vestine alimpigia kelele.

"Ile najua." Halafu mzee aliacha kucheka, akamshika Mama Kasoki mkono. "Mwanangu, filme utamaliza, batu bataona, batafurahi. Miye nitaona midomo inacheza tu. Niko na kitu moja ya kukuomba. Nataka kusikia Byamungu anapiga, mara moja tena, mbele hii mulango ya sikio ijifunge."

Hilo lilikuwa ombi zito. Kati ya Masisi na Omate kulikuwa na bariere nyingi, vizuizi vya watu wenye bunduki, na kila moja ilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawakupatana. Kumleta Byamungu haikuwezekana. Kumpeleka mzee kiziwi kwenye njia ambapo mtu anaambiwa "simama" mara moja tu, hiyo hata usiiseme. Mama Kasoki alilala na lile neno siku tatu. Siku ya nne alikuwa ameona njia: kama wanamuziki hawawezi kukutana, wimbo utatembea.

Aliwakalisha Benoît na Thacienne nyuma ya duka, ngoma na sauti, wakapiga wimbo wao wa mvua kutoka mwanzo mpaka mwisho, wakiacha fasi tupu ya gitaa. Wakati wa ile fasi tupu Benoît alipiga ngoma peke yake, na Thacienne alisimama akiwa amefunga macho, kama mtu anayemngojea mwingine aingie. Kazi iliyobaki ilikuwa kuubeba huo wimbo mpaka kwa Paul, Mama Kasoki auchezeshe kwenye redio ya huko kwa kadi ya pili, Paul apige besi yake akiusikiliza, na kamera ichukue vyote viwili. Kisha kuubeba tena mpaka Omate.

Shemeji yake Mbusa, mdogo wa Bienvenu, alikuwa motard, dereva wa pikipiki. Alisikiliza mpango wote huku akipangusa moto yake.

"Shemeji, tunaenda kutafuta nini pale?"

"Gitaa."

"Na kama batu ba bariere banauliza?"

"Tunaenda kuuzisha maharagwe."

"Basi tubebe maharagwe mingi," Mbusa alisema, "juu uongo kidogo inakamatwa haraka."

Waliondoka asubuhi, kamera ikiwa katikati ya gunia. Fasi nyingine walipanda moto, fasi nyingine moto iliwapanda wao, kwa sababu matope ya Walikale ni ya kufika magoti na chombo kinabebwa kama mgonjwa. Itebero walimkuta Paul akichonga mwiko. Gitaa lake la besi lilikuwa limebaki na kamba mbili. Alisikiliza wimbo, akasema, "Kamba mbili inatosha, ata zamani Byamungu alisema miye naitumikisha moja tu." Akapiga. Kwenye redio ngoma ya Benoît ilikwisha kuwa nyembamba kidogo, lakini ilikuwa pale. Mama Kasoki alimwonyesha, akamwuliza, "Nifute nini?" Paul alisema: "Ile kuku imepita nyuma yangu. Hapana, uiache. Inashika mudundo muzuri kuliko miye."

Kabla ya Omate kulikuwa na bariere moja kubwa, mti uliolazwa njiani na vijana watano wenye bunduki. Mkubwa wao alitia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko. Ulipotoka, ulikuwa umeshika kamera.

"Hii maharagwe iko na macho?" aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Mbusa alikuwa amegeuka rangi ya majivu.

"Iko ya wazee, chef," Mama Kasoki alisema.

"Wazee gani? Weye uko mupelelezi. Unapeleka sura zetu kwa nani?"

"Sura yenu hamna ndani. Uangalie mwenyewe, chef. Ukikuta moja, uvunje."

Akamgeuzia kioo, akampa vile vya masikioni, kama alivyofanya kwa kila mtu. Yule mkubwa alivaa. Alimwona Benoît akipiga. Alimwona Thacienne akiimba. Mguu wake, ndani ya buti la mpira, ulianza kugonga ardhi bila yeye kujua, na vijana wake walitazamana. Aliangalia wimbo wote mpaka mwisho.

"Huyu muzee iko na ginsi gani ya mikono?" alisema polepole. Halafu akajikumbuka, akakunja uso. "Utupige na siye filme. Na bunduki."

Mama Kasoki aliitazama ile kamera, kisha akamtazama yeye usoni.

"Naweza, chef. Lakini sura ikiingia humu, inabaki. Siku ingine batu bengine bataifungua gunia hii."

Yule mtu alifikiri. Alivua vile vya masikioni, akamrudishia, akachota beseni moja la maharagwe, akasema, "Mupite." Walipofika mbali Mbusa alisimamisha moto akakaa chini njiani.

"Shemeji," alisema, "siku ingine tubebe maharagwe tu."

Walikale kulikuwa na rezo, mtandao wa simu, na simu ilileta sauti ya Vestine. Haikuwa na utani. "Mama Kasoki, sikio iko nakwisha. Jana nilimuita mara tano, akafikiri iko mvua. Mufanye haraka."

Omate hakuna aliyemjua Byamungu kwa gitaa. Watu walimwita Papa Redio, kwa sababu alitengeneza redio za wachimbaji. Alikaa katika nyumba ya mbao na turubai la shitingi, redio zilizokufa zimepangwa ukutani. Aliwasalimia kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikaa ndani ya mfuko wa koti, na Mama Kasoki, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia, aliona kwamba haukutoka hata alipomimina chai.

"Benoît anaishi?" ndilo neno lake la kwanza aliposikia wametoka wapi.

"Anaishi, Papa."

"Anarusha bado fimbo?"

"Hana tena wa kumurushia."

Byamungu alicheka bila sauti. Mama Kasoki alimweleza yote: sikio, ombi, wimbo unaotembea. Kisha alimsikilizisha. Mzee aliinamisha kichwa. "Benoît," alisema. Baadaye kidogo: "Thacienne. Sauti imeshuka, lakini njo ile." Halafu akapiga goti kwa kiganja: "Na Paul! Mujinga huyu angali anavuta ile kamba ya chini!" Ngoma ilipobaki peke yake, katika ile fasi tupu, aliinuka. Akavuta chini ya kitanda kitu kilichofungwa blanketi.

Lilikuwa gitaa jekundu, rangi imebabuka. Alilifunga kwenye redio kubwa kwa waya mbili. Na hapo mkono wa kushoto ukalazimika kutoka mfukoni. Jiwe la shimo lilikuwa limechukua kidole cha mwisho chote na nusu ya kile cha jirani. Ile nusu aliivika kipande cha pompe ya baiskeli, bomba la chuma lenye urefu wa kidole, na kwa bomba hilo aliteleza juu ya kamba.

Mama Kasoki aliwasha kamera. Wimbo ukaanza. Gitaa lilipoingia, wachimbaji waliokuwa wanapita na magunia mgongoni walisimama njiani. Halikuwa gitaa alilolieleza Benoît, la vidole kumi. Lilipanda likiteleza, likaanguka, likashika fasi isiyotarajiwa, kama mtu anayeteremka mlima wa matope na mzigo kichwani na hauangushi. Mbusa alisahau kufunga mdomo.

Ilipokwisha, Mama Kasoki aligeuza kioo. Byamungu alijiangalia toka mwanzo mpaka mwisho.

"Nifute nini, Papa?"

"Futa yote."

Alifikiri hakusikia vizuri. "Yote?"

"Benoît ananijua na vidole kumi. Niliondoka Masisi na vidole kumi. Hii mukono ya kwenye filme iko ya Papa Redio, haiko ya Byamungu. Uifute, mama. Umuambie sikuonekana."

Mbusa alimvuta shemeji yake nje, karibu kumrarua kitenge.

"Usifute! Ufinye kifungo ingine, umudanganye. Muzee huyu anajua redio, hajui kamera. Tumetembea siku nane! Ile sikio inangojea!"

Mama Kasoki aligeuka. Alitazama milima upande wa Masisi, ambayo kutoka pale haionekani, kuna miti tu. Ndani ya kichwa alisikia sauti ya Vestine: akafikiri iko mvua. Ingekuwa rahisi sana. Kidole kimoja kwenye kifungo kingine, na Benoît angesikia, na Byamungu asingejua kamwe. Kisha aliona ng'ombe sita wakila majani, na Thacienne akimwinua pale mlangoni.

Alirudi ndani, akashika kamera ili mzee aone kioo, akafinya. Kamera iliuliza kama ana hakika. Akafinya tena.

Mbusa alijishika kichwa kwa mikono miwili.

Byamungu alinyosha mkono, akachukua kamera. Alifungua hapa, akafungua pale, vidole vyake vinane vikitembea juu ya vile vifungo vidogo kama mtu aliyezaliwa navyo, na Mbusa aliinamisha macho, kwa sababu aliona kwamba yule mzee angeligundua lile danganyo alilolipendekeza mara moja. Filme yake haikuwamo. Zilikuwamo za Benoît na Paul, na baada ya hapo hakuna.

"Ungeweza kunidanganya," Byamungu alisema.

"Ningeweza."

"Na Benoît angesikia."

"Angesikia, Papa."

"Sasa utamupelekea nini?"

"Salamu yako."

Mama Kasoki alianza kufunga mizigo. Alikuwa mwanamke asiyelia mbele ya watu, na hakulia, lakini alifunga fundo moja mara nne. Mzee alikaa na gitaa juu ya mapaja. Nje wachimbaji walikuwa bado wamesimama, mmoja akauliza kwa sauti, "Papa Redio, ile redio ya kupiga vile unaiuzisha?" Wenzake wakacheka.

"Haiuzwi!" Byamungu alijibu. Kisha akamwambia Mama Kasoki, bila kumtazama: "Rudisha kamera kwa fasi yake."

"Papa?"

"Nilifikiri filme iko yako, unakuya kuichukua unaenda nayo. Sasa nimeona iko yangu. Kitu yangu naweza kumupa mutu." Aliweka mkono wa kushoto juu ya meza, vidole vitatu na nusu, vimenyoshwa. "Lakini uanzie hapa. Benoît aone mukono kwanza, atulie, asishtuke katikati ya wimbo. Kisha gitaa."

Akapiga mara ya pili. Mpaka leo Mbusa anasema ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Mama Kasoki hakubali, na kwa kuwa ile ya kwanza haiko tena, mabishano yao hayana mwisho.

Kadi ya kamera ilirudi Masisi imeshonwa ndani ya pindo la kitenge. Walifika Ijumaa. Jumamosi mchana, mlango wa bluu, duka lilijaa mpaka watu wakasimama juu ya ngazi. Vestine alimleta mume wake kwa mkono. Thacienne alikaa mbele. Mama Kasoki aliondoa kile kitambaa, lakini safari hii hakusema habari ya chumvi. Alichukua spika kubwa, akaiweka juu ya mapaja ya Benoît, akamlaza shavu la kulia juu ya ubao wake.

Kitu cha kwanza kilichotokea kilikuwa mkono juu ya meza. Hakuna neno. Benoît aliinua kichwa akasogea karibu na kioo. Midomo yake ilihesabu.

"Imebakia nane," alisema kwa sauti kubwa, kama viziwi wanavyosema. "Nane na kipande." Alitazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Kisha akarudisha shavu kwenye spika.

Wimbo ulianza. Uso wa Benoît haukubadilika. Ngoma yake mwenyewe ilikuwa imepita redio mbili na msitu mzima, ilikuwa mbali sana, na yeye alikaa kama mtu anayengoja mlangoni pa nyumba isiyo na watu. Vestine aliziba mdomo kwa kitenge. Mama Kasoki alizungusha kifungo cha sauti mpaka mwisho, na makopo ya nyanya yakaanza kutetemeka kwenye rafu.

Mguu wa Benoît uligonga sakafu mara moja. Ukagonga tena. Ukashika njia ya ngoma, ukaenda nayo, ukaongeza, na vidole vyake vikaanza kucheza juu ya pembe ya spika. Ikafika ile fasi tupu. Mguu uliita. Gitaa halikuingia. Mguu uliita tena. Kimya. Na pale watu wote walipokuwa wamekata tamaa, gitaa la Byamungu likaingia likiteleza, na Benoît akapiga ile spika kofi.

"Anachelewa!" alipiga kelele. "Muangalie mupumbavu huyu! Miaka makumi tatu, na angali anachelewa! Vestine, uniletee fimbo nimurushie!"

Duka zima lilipasuka kwa kicheko. Thacienne alicheka mpaka akainama. Benoît peke yake hakucheka. Alikuwa amefunga macho, shavu juu ya ubao, na machozi yalikuwa yanateremka kwenye kile kitambaa cha spika bila yeye kuyapangusa. Alikaa hivyo mpaka noti ya mwisho, na baada yake.

Mama Kasoki aliinama. Desturi ni desturi, na ile filme ilikuwa pia ya mwenye ngoma. Aliuliza, mzee hakusikia. Aliweka mdomo kabisa kwenye sikio lile la kulia, akauliza tena, polepole:

"Papa Benoît. Nifute nini?"

"Usifute kitu," alisema mzee. "Na ile fasi anachelewa, ile usiiguse kabisa." Akaikumbatia spika vizuri zaidi. "Anzisha tena, mwanangu, juu sikio ingaliko."

Mama Kasoki akarudisha mwanzo.